Idi Pili Korongoni

Alhamisi, Ramadhani mosi

Mosi kwetu. Kwa kaka Nasser leo ni mbili, kwa sababu yeye hufuata mwezi wa Maka na alianza jana. Asubuhi kanipigia simu kunitakia mfungo mwema kwa sauti ya mtu aliyekwisha fika, anawasubiri waliochelewa. Nikamjibu ovyo. Mama alikuwa jikoni anasikia. Akaniambia kwamba kwa ulimi wangu huu nitashinda na njaa bure, thawabu sina, na kila nikijisikia kutukana niandike badala ya kusema. Akanitolea daftari kubwa dukani. Basi nimeanza. Mungu asome, Mama asisome.

Jumamosi, Ramadhani 3

Mvua tangu alfajiri. Futari viazi vitamu vya karanga, na uyoga. Sijakasirika.

Jumatatu, Ramadhani 5

Nimekasirika.

Kaka Nasser kaja baada ya futari, kakaa kwenye kiti cha Baba, kasema binamu yetu Alamin anakuja kutoka Maskati kula Idi nasi, na siku ya Idi Pili tutampeleka Korongo la Mahalule tumshushe kwa kamba. "Tutamshusha" maana yake mimi. Yeye hata ngazi ya dukani humtuma mtu apande.

Korongo hilo liko porini kupita Sikonge, na tumelijua tangu utotoni. Idi Mosi ni ya sala na kula, Idi Pili ni ya kutembea, na kila Idi Pili Baba alitupakia kwenye gari la duka akatupeleka hadi kwenye mdomo wa korongo, tukala vilivyobaki jana yake. Alikuwa akisema misafara ya babu zake ikitua pale kuchota maji, na kwamba vile visima vidogo vya kwenye mwamba walivichimba waliobebeshwa mizigo, si babu zake. Baba hakupenda kupamba mambo. Ndani ya korongo lenyewe hakutupeleka. Nimeingia mwenyewe ukubwani, baada ya miaka saba ya kupanda minara ya simu, maana mtu aliyezoea kuning'inia kwenye mnara hababaiki na jabali. Unaingilia juu, unashuka materemko matatu, unatokea mdomoni. La kwanza ni refu kama nyumba ya ghorofa mbili. Ukishalishuka, kuta zimekubana huku na huku na hakuna kona ya kukimbilia. Kiangazi kilichopita nilishusha walimu na mafundi wenzangu, wote wakatoka wakicheka. Nimesema kiangazi.

"Kaka, masika hii," nikamwambia. "Lile korongo ni mfereji. Mvua inanyesha huko vilimani, wewe umesimama juani, maji yanakufikia hujui hata yametoka wapi. Mlete Julai."

"Julai Alamin hana likizo."

Kana kwamba maji yanaangalia likizo ya Alamin.

Akaendelea. Alamin ana kampuni ya kutembeza wageni. Akipenda, ataleta watu waifuate njia yote ya misafara, kutoka Tabora hadi Ujiji, na korongo litakuwa kituo. Ameshamtumia picha. Picha zangu! Nilizopiga mimi! Nikasimama, nikasema mimi nimefunga, nikaingia chumbani. Kumbe magharibi ilishapita na nilishakula viazi vitatu. Akanicheka hadi nje.

Jumanne, Ramadhani 6

Nilidhani Mama atanitetea.

"Wewe unajua kamba," akasema, "mimi nawajua wanangu." Kisha akaanza habari ya Idi ya mwisho ya Baba, na mimi siwezi kuisikia habari hiyo nikiwa na njaa. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa kaka kuhama mwezi. Baba alikuwa mgonjwa, hafungi. Akaletewa pilau ya kaka siku ya kwanza, akala. Akaletewa yetu siku ya pili, akala. Kila mara akasema Idi mubarak, kama ndiyo kwanza anasikia imeingia, ili asimuudhi mtu. Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya mfungo, haukumkuta.

"Nataka Idi moja tu," Mama akasema, "niwaone mmetoka pamoja, mmerudi pamoja, mmekula sinia moja. Nikifa baada ya hapo, sawa."

Mzazi akishataja kufa kwake, umeshindwa.

Nimekubali, kwa masharti. Teremko la kwanza tu, kisha tunapanda tulikotoka. Kamba ni zangu. Kule vilimani awepo mtu wa kutazama maji. Na nikisema turudi, tunarudi, hata kama Alamin amekuja kwa ndege tano. Kaka kasema sawa haraka sana. Mtu anayekubali haraka hivyo hajasikiliza.

Alhamisi, Ramadhani 8

Nimekwenda kwa pikipiki hadi kwa mzee Bernardo, mrina asali ambaye mizinga yake imetapakaa kwenye miti ya juu ya korongo. Ndiye aliyenionyesha njia kiangazi kile.

"Shikamoo mzee Bernardo."

"Marahaba, mwanangu. Mnafunga?"

"Tunafunga."

"Na sisi tuko Kwaresima. Basi tukae tu, hakuna wa kumlaumu mwenzake kwa chai."

Nikamweleza. Akachokora udongo kwa kidole cha mguu, kisha akasema masika yeye hapiti mle hata kwa asali. Nikahamaki, nikamwambia hayo akamwambie aliyenituma. Masikini, kasema kweli tu, nami nikamfokea mtu mzima kwake. Alinyanyuka akaleta mzinga wa zamani, gogo tupu lisilo na nyuki, akaugonga kwa rungu. Mlio wake ulinipita kifuani.

Tumepatana hivi: atakaa juu ya mwamba unaotazama vilima, maji yanakotokea. Akifika akaona mto ni mweupe, atagonga mara tatu polepole. Hapo ndipo mtu wa kwanza ashuke. Akiona maji yanageuka rangi, atagonga mfululizo bila kupumzika. Na usipousikia mzinga kabisa, hakuna anayeshuka.

"Hiyo Idi Pili yenyewe lini?" akauliza. "Isije ikaangukia Jumapili nikakosa misa."

"Mwezi ukionekana redio itatangaza. Wewe hesabu siku ya pili yake."

"Redio," akasema. "Haya."

Jumapili, Ramadhani 11

Wifi yangu Shamila, mke wa Nasser, kaja kujifunza kushuka kwa kamba. Shamila akija hapa mtaani Chemchem, udi hutangulia, yeye hufuata. Kucha zina hina, simu haimtoki mkononi, na mkanda wa kiunoni, huu tunaovaa kujifungia kwenye kamba, aliuvaa juu ya baibui akauliza kama upo mweusi. Nikamwambia wa harusi umeisha.

Tumetumia mnara wa tangi la maji hapo uani. Mara ya kwanza akapiga kelele hadi jirani akachungulia ukutani. Mara ya pili akalia. Nikajua ameshakwenda zake. Akaingia ndani, akatoka amevaa suruali yangu ya kazi, akapanda tena. Mara ya tatu akashuka amefumba macho na midomo inasoma dua.

"Wifi," akaniuliza akiwa chini, "mzinga usipolia?"

"Hushuki."

"Hata kaka yako akisema tushuke?"

"Hata akisema nani."

Akaandika kwenye simu. Nikacheka. Huyo ataandika hata jina lake asije akalisahau.

Jumatano, Ramadhani 14

Nimekwenda kukagua korongo na mzee Bernardo. Mvua ilikuwa imepumzika siku mbili, maji ni ya kwenye vifundo vya miguu tu, matamu, yanapita yakinong'ona. Mtu mjinga angesema ni salama. Mzee akaninyooshea kidole juu. Gogo zima la mninga limebanwa kati ya kuta mbili, juu ya vichwa vyetu, na majani yake bado ni mabichi. Yaani wiki hii, au iliyopita, maji yalikuwa yanatembea huko juu, nasi tungekuwa chini yake.

Nimempigia kaka nikiwa bado nimelowa. Kasema: "Mashallah, hiyo nayo ni picha nzuri."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nimerudi Tabora nikilia kwa hasira ndani ya kofia ya pikipiki, mahali pekee ambapo mtu mzima anaweza kulia barabarani.

Alhamisi, Ramadhani 15

Mvua. Mama kasema kaka ni mkubwa wangu. Namjua ukubwa wake.

Jumatatu, Ramadhani 19

Kaka kanunua kamba! Ya bluu, ya plastiki, hii wanayofungia mizigo ya tumbaku kwenye malori. "Ya akiba," kasema. Nikamwambia kamba hii ikikutana na ukingo wa jiwe huku imebeba mtu, inakatika kama tambi. Kasema inabeba tani. Inabeba tani ikiwa imelala juu ya lori, kaka! Nimeitupa nje kwenye tope. Ameiokota, kaikung'uta, kairudisha garini kwa ule upole wake wa kuniaibisha mbele ya watu.

Shamila alikuwepo. Safari hii hakuangalia simu. Aliiangalia kamba.

Jumamosi, Ramadhani 24

Alamin kafika. Kaniletea halua, nimeifunika hadi magharibi. Ni mtu mpole, mnene kidogo, anaogopa mende. Inaniudhi. Nilishajiandaa kumchukia.

Jumanne, Ramadhani 27

Mama anahesabu kwa vidole. Kaka na Maka watatimiza thelathini, Idi yao Ijumaa. Sisi, mwezi ukionekana Alhamisi jioni, tutakuwa tumefunga ishirini na tisa, na Idi yetu nayo Ijumaa. Mwaka huu Idi zinaweza kukutana! Anaimba jikoni. Ameazima sufuria kubwa la jirani. Nadhani ameamua mwezi utupatanishe, kwa kuwa watu wameshindwa.

Mimi pia, niseme ukweli, nimeomba.

Alhamisi, Ramadhani 29

Mawingu. Nilipanda juu ya tangi jioni, majirani wote wamenyanyua shingo uani kwao, na kulikuwa na wingu moja zito limelala magharibi kama gunia lililolowa. Redio imetangaza: mwezi haukuonekana popote nchini, Idi ni Jumamosi. Mama kazima redio. Kaenda kulowesha kunde za futari ya kesho.

Ijumaa, Ramadhani 30

Mwandiko huu, daftari litanisamehe.

Kaka Nasser kaja saa nne asubuhi na kanzu mpya, Alamin nyuma yake, Shamila nyuma ya Alamin, na sinia la pilau. Wazi. Halina hata kawa. Kaingia nalo ndani ya nyumba ya watu waliofunga, harufu ya iliki na nyama imejaa hadi chumbani, kaliweka mezani mbele ya Mama, kasema: "Idi mubarak, Mama. Kula, Idi imeingia, dunia nzima inakula."

Mama kasema, "Nitakula magharibi, mwanangu," na sauti yake ilikuwa ndogo.

Hapo nikapasuka. Nilisema yote. Nilisema Baba alikula sahani mbili kwa ajili ya kiburi chake. Nilisema amekalia kiti kisicho chake. Naye akasema mimi ni mwanamke nisiye na nyumba nisiye na adabu, ninayepanda minara kwa sababu chini hakuna anayenitaka. Mbele ya Alamin! Alamin akatazama viatu vyake. Shamila akalifunika sinia kwa mtandio wake mwenyewe, mtandio wa hariri, juu ya mafuta yale. Nililiona hilo, sikujua niliweke wapi.

Mama akasema: "Safari yenu je?"

"Tutaonana Idi Pili," kaka akasema, yuko mlangoni.

"Idi Pili!" nikamjibu, nikabamiza mlango.

Sasa nimekaa, damu imepoa kidogo. Najua anaweza kudhani ni kesho, maana Idi Pili yake ni kesho. Yetu ni Jumapili, na mzee Bernardo anasikiliza redio, kwa hiyo yake ni Jumapili. Naijua akili ya kaka. Simu iko hapa mbele yangu.

Na aniulize yeye. Kwa nini kila mara niwe mimi?

Jumapili, Idi Pili

Naandika ya jana.

Jana ilikuwa Idi yetu. Nilikwenda kusali, simu nimeizima. Sala ikaisha, tukapeana mikono, tukakumbatiana, nikarudi nyumbani. Mama amevaa nguo mpya, anapakua pilau kwenye sinia lile kubwa la harusi yake. Nikawasha simu. Shamila alikuwa amepiga, amepiga, amepiga. Kisha ameacha sauti. Alikuwa anahema, inaelekea amekimbia hadi kwenye kilima cha barabarani kunakopatikana mtandao.

"Wifi, Idi mubarak. Tuko juu ya korongo, wewe hupo. Kaka yako kasema umesusa. Kafunga ile kamba ya bluu kwenye mti. Mzinga sijausikia, nimemwambia, hasikii. Wifi, pokea. Narudi kule, nisipokuwepo Alamin atashuka."

Nilimpigia mzee Bernardo. Akapokea anacheka: "Idi njema mwanangu! Leo mnakula, eh? Mimi kesho nitakuwa mwambani mapema."

"Mzee, wako korongoni sasa hivi."

Hakuuliza kwa nini. Nilisikia baiskeli ikigonga ukuta, kisha simu ikakatika.

Nikachukua kamba zangu na mkanda, nikavitia begani juu ya gauni la Idi. Mama amesimama na upawa. Nikamwambia, "Mama, wamekwenda leo." Akaliweka sinia chini. Hakuniuliza kwa nini sikupiga simu. Nadhani hakupata muda, nami sikumpa.

Njia nzima, juu ya pikipiki, nilimtukana kaka. Barabara ya lami hadi Sikonge nilimtukana kwa Kiswahili, na kwenye tope la porini nilimtukana kwa maneno ya mafundi wa minara ambayo siwezi kuyaandika hata humu. Jua lilikuwa linawaka, anga la bluu kabisa. Lakini kule kusini, juu ya vilima, lilining'inia pazia la kijivu. Nililiona, nikakoma kutukana, nikawa naomba.

Mzinga niliusikia kabla sijaliona korongo. Mfululizo. Bila kupumzika.

Juu ya teremko la kwanza nilimkuta Alamin amekaa chini na mkanda wake kiunoni, na Shamila amekaa nyuma yake, ameukamata mkanda huo kwa mikono miwili, visigino amevichimbia kwenye udongo, kama mtu anayemshika mbuzi asirudi zizini. Hina yake imejaa tope. Alikuwa bado hajamwachia, na maji yameshafika.

Wakanieleza huku wakikatizana maneno. Walinisubiri, kaka akachoka. Akasema atashuka yeye kwanza amwonyeshe Alamin kuwa hakuna kitu. Akashuka, akafika, akapunga mkono. Alamin akasimama amfuate, Shamila akamrukia. "Mzinga haujalia," akamwambia. Kaka huko chini anapiga kelele aachwe mgeni, Alamin anasema shemeji unaniaibisha, na Shamila anajibu: "Ukishuka, unashuka na mimi mgongoni." Wakiwa katika kuvutana huko, ndipo mzinga ukaanza kule vilimani, haraka haraka. Mzee Bernardo, alisema mwenyewe baadaye, alikuwa ndiyo kwanza amefika, hajapata hata kushuka vizuri kwenye baiskeli. Kaka akaelewa. Akaikamata kamba ya bluu apande. Ikasugua ukingo, ikakatika, naye akaanguka na mguu ukamgeukia. Akajiburuta hadi kwenye kijiukingo cha mwamba, juu kidogo ya kimo cha mtu. Maji yakaja, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba miti.

Nikachungulia. Alikuwa hai, amejibana ukutani, kanzu mpya imekuwa ya udongo, maji yanapita chini ya miguu yake.

Sikufikiri. Mikono yangu ilifanya kazi inayoijua. Kamba kwenye mti mkubwa, kamba ya pili kwenye mti wa nyuma yake, vitambaa vya magunia kwenye ukingo ili zisisuguane na jiwe. Shamila ndiye aliyevikunja, bila kuambiwa. Gauni la Idi nikalifunga kiunoni, nikashuka.

"Umechelewa," kaka akasema. Meno yanagongana.

"Nimewahi siku nzima," nikamwambia. "Idi Pili ni kesho."

Nikaanza kumvisha mkanda, na huku namvisha namsema. Nilimsema kwa kiti, kwa picha, kwa gogo la mninga, kwa kamba ya bluu, kwa sinia lisilo na kawa. Nilimwambia leo Mama amepakua pilau anawasubiri watu, na watu wenyewe mmoja yuko kwenye shimo na mwingine anamfuata. Alikuwa akilia, mkubwa wangu, na nilitaka alie zaidi.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nilijua kwenu huenda ni kesho. Niliwaza nikupigie. Nikasema, na aniulize yeye."

Kidole changu kilikuwa kwenye chuma cha mkanda wake. Nilikiangalia. Maneno yale yale, mdomo mwingine. Hasira nilikuwa nayo tele, sijawahi kuwa na hasira kama ile, lakini ghafla sikujua niirushe upande gani. Ningempiga kofi, ningekuwa nimejipiga. Nikafunga chuma, nikakijaribu mara mbili, nikapiga mluzi.

Juu walikuwa watatu kufikia hapo, mzee Bernardo ameshafika na baiskeli. Shamila ndiye aliyekuwa anatoa amri. "Vuta! Shika! Vuta!" Sauti ile ile iliyomchungulisha jirani yetu. Ikamtoa kaka Nasser kidogo kidogo hadi ukingoni, akipiga yowe kila mguu ulipogusa mwamba. Nikabaki peke yangu pale chini, kamba ikirudi, na maji yananguruma. Nilikaa kwenye kijiukingo kile nikajiambia yote niliyokuwa nimemwambia yeye. Kisha nikapanda.

Mzee Bernardo tulipoagana kasema, "Idi imevurugika, lakini misa sitaikosa." Nikamshika miguu. Akaniinua, amekasirika kidogo, kasema, "Mwanangu, siku nyingine niambie Jumapili. Jumapili naijua."

Jumatatu, tarehe 23 Machi

Nimeandika tarehe. Jumatatu ya 23 Machi ni Jumatatu kwa Maka, kwa Tabora, na kwa mzee Bernardo.

Kaka amelazwa, mguu umefungwa plasta hadi pajani. Alamin amekosa ndege, amekaa kwenye benchi la nje anakula karanga. Kaniambia atawaleta wageni wake, lakini Julai, na kama mzinga upo. Shamila amekaa kando ya kitanda cha mumewe, hana hina tena, imechubuka yote. "Wifi," kaninong'oneza, "Julai natangulia mimi." Nikamwambia suruali ya kazi ni yake, aichukue. Miaka yote nimemwita mwanamke wa udi. Sasa sijui nimwite nani. Nimemwita Shamila.

Kaka akanishika mkono. "Fakhria, mwakani nitafuata mwezi wenu."

Basi hasira ikanipanda upya, pale pale wodini, wagonjwa wanatazama! "Nani kakuomba? Fuata mwezi unaouamini! Mungu atatupokea wote, hana shida ya kalenda. Ila ukiniahidi siku, itaje kwa tarehe. Usipokuwa na hakika, piga simu!"

"Na wewe?" Mama akasema nyuma yangu.

Alikuwa mlangoni na sinia kichwani, limefunikwa kawa. Ile pilau ya Jumamosi ilichacha, hakuna aliyeigusa. Mama siku hiyo alikula tende moja, kwa kuwa kufunga Idi ni haramu, akalala. Jana usiku amepika nyingine.

"Na wewe, kwa nini hukupiga?"

Nikasogea kumpisha.

Akaliweka sinia kitandani, kati ya mguu wa plasta na mimi, akafunua. Harufu ya iliki ikajaa wodi nzima. Kaka akaliangalia, akatuangalia sisi, akajaribu kucheka.

"Mama, sasa hii ni Idi ya ngapi?"

"Kula, Nasser," Mama akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, kula."

Tukala kwenye sinia moja, mkono wake na wangu. Hasira yangu haijaisha, lakini nilikula.